Setilaiti inauona moshi wa Mukuru, lakini haiingii jikoni

Hivi majuzi mama mmoja kutoka Mukuru kwa Reuben alinijia akiwa amembeba mtoto wake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akikohoa, na hiyo ilikuwa mara ya nne kuletwa kwangu kwa ugonjwa wa kifua katika muda wa miezi mitano. Nilipomaliza kusikiliza mapafu yake, mama aliniuliza swali ambalo sikuwahi kufundishwa kulijibu katika chuo cha udaktari: "Daktari, ni moshi upi huu unaomwumiza? Ni wa viwanda, ni wa takataka zinazochomwa kule mtoni, ama ni wa jiko langu?"

Nilimwandikia dawa. Jibu sikumpa, kwa kuwa sikuwa nalo.

Swali lake halikuwa la mzaha. Mukuru kwa Reuben imebanwa baina ya Eneo la Viwanda na Mto Ngong. Nyumba ni za mabati, zimesongamana, na aghalabu chumba kimoja ndicho jikoni, ndicho sebule na ndicho pa kulala. Mukuru yote, yaani kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, ina kaya zipatazo laki moja, na mnamo 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza kuwa eneo maalumu la kupangwa upya. Daktari akijua moshi unatoka wapi, atajua kama amshauri mama abadili jiko au amhimize diwani afuatilie kiwanda. Asipojua, ataendelea kuandika dawa ile ile kila baada ya wiki tano.

Usiku huo niliketi mbele ya tarakilishi nikaanza kutafuta katika hifadhi ya rekodi za setilaiti. Ningependa kukueleza, msomaji, nilichojifunza, kwa sababu mali hii ni yako pia na wengi wetu hatujui kwamba ipo.

Setilaiti zinazoichunguza dunia hupita juu ya vichwa vyetu kila siku zikipima mvua, joto, mimea, vumbi na hewa chafu. Vipimo hivyo havitupwi. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, huvihifadhi katika ghala lake la Earthdata, na Muungano wa Ulaya una ghala lake chini ya mpango wa Copernicus. Picha za Landsat zilianza kupigwa mwaka wa 1972. Zamani picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, lakini tangu 2008 mtu yeyote anaweza kuzichukua bila malipo. Unachohitaji ni anwani ya barua pepe ya kujiandikishia na intaneti, iwe ya nyumbani au ya saiba. Ukitaka kutazama tu picha ya siku fulani, ukurasa uitwao Worldview haukudai hata kujiandikisha.

Kutafuta kwenyewe ni kujibu maswali matatu: wapi, lini na nini. Mganga huanza vivyo hivyo: inauma wapi, imeanza lini, na unasikia nini. Hapa wapi ni mraba unaouchora kwenye ramani, lini ni tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, na nini ni mvua, joto au moshi. Ukishajibu, hifadhi inakuletea orodha ya faili, kila moja ikiwa na kipande cha ardhi kwa wakati fulani.

Nilikosea mara kadhaa, na nitayataja makosa yangu ili wewe usiyarudie. Mukuru kwa Reuben iko takriban digrii 1.3 kusini ya Ikweta na digrii 36.9 mashariki. Hifadhi haiandiki neno "kusini". Inataka alama ya kutoa mbele ya tarakimu. Niliisahau alama hiyo, na kwa dakika kumi nzima nikawa nashangaa jinsi Mukuru ilivyo na mbuga na vichaka. Kumbe nilikuwa Samburu, upande wa Maralal. Nilipoirudisha alama hiyo nikazigeuza tarakimu, ile ya kwanza nikaifanya ya pili, na nikajikuta baharini karibu na Hispania.

Kosa la pili lilikuwa la saa, na hili ni la hatari zaidi kwa mtu wa afya kwa sababu halijionyeshi. Setilaiti hutumia saa za dunia nzima, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mvua iliyonyesha saa nane za usiku wa kuamkia Jumatano itawekwa chini ya Jumanne. Ukiilinganisha na daftari la wagonjwa bila kurekebisha, utakuwa umekosea kwa siku nzima, na katika ugonjwa kama kipindupindu siku moja si kitu kidogo.

Sasa turudi kwa moshi. Iko setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, ambayo hupima gesi chafu angani, ikiwemo naitrojeni daioksaidi inayotoka katika magari na viwanda. Niliipata juu ya Nairobi bila taabu. Lakini kadiri nilivyosoma maelezo yake ndivyo nilivyozidi kutambua kuwa haiwezi kumjibu yule mama.

Kwanza, mraba mmoja wa kipimo chake una upana wa kilomita 3.5 na urefu wa kilomita 5.5. Kwa Reuben yote inamezwa humo pamoja na viwanda vya jirani na barabara zenye malori. Namba inayotoka ni ya wote kwa pamoja. Haisemi mwenye kiwanda amechangia kiasi gani wala mwenye jiko kiasi gani.

Pili, setilaiti hiyo hupita yapata saa saba na nusu mchana. Sasa nikuulize, jiko la Mukuru huwashwa saa ngapi? Huwashwa kumi na moja alfajiri, kabla baba hajaenda kibaruani, na huwashwa tena saa moja jioni. Saa ambayo mtoto anavuta moshi mwingi zaidi ndiyo saa ambayo setilaiti haipo.

Tatu, hupima hewa yote kutoka ardhini hadi juu kabisa, kisha inatoa jumla. Pua ya mtoto haivuti hewa yote hiyo. Inavuta ile iliyo ndani ya chumba chenye dirisha dogo au kisicho na dirisha kabisa. Kuna chembe za moshi zenye unene wa karibu sehemu moja ya thelathini ya unywele, na hizo ndizo zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Setilaiti haiwezi kuzihesabu chini ya bati.

Ni vivyo hivyo kwa joto. Landsat hupima joto la uso wa ardhi, nayo hupita yapata saa nne asubuhi. Juu ya Mukuru uso huo ni bati. Joto la bati si joto la kitanda kilicho chini yake. Utafiti uliochapishwa 2017 uliweka vipimajoto ndani ya vijiji vya Kibera, Mathare na Mukuru, ukaona kwamba joto la huko lilikizidi kituo rasmi cha Dagoretti kwa digrii kadhaa. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu mtu alikwenda akakitundika kipimo pale watu wanapoishi.

Je, basi hifadhi hii haina faida kwetu? La hasha! Ina faida kubwa, na hapa Kenya imewahi kuonekana.

Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, Homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na mamia ya watu, hasa kaskazini mashariki. Ugonjwa huu huletwa na virusi ambavyo hujificha ndani ya mayai ya mbu ardhini hata kwa miaka mingi, na mafuriko yanapojaza mabonde mayai huanguliwa. Watafiti, akiwemo mzaliwa wa Kenya Assaf Anyamba, walichukua rekodi za joto la bahari na za kijani cha mimea kutoka setilaiti, wakazilinganisha na orodha ya milipuko iliyotokea Kenya tangu 1950. Mnamo 1999 walichapisha matokeo yao: ishara zilikuwa zikijitokeza miezi kadhaa kabla ya mlipuko.

Kuanzia Septemba 2006 ishara zile zile zilionekana tena na onyo likatolewa. Desemba mwaka huo ugonjwa ulithibitishwa Garissa. Onyo lilisaidia wataalamu kujitayarisha, lakini chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, ugonjwa ukiwa umeshaingia zizini, na watu zaidi ya 150 walifariki nchini Kenya.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba onyo bila mtu wa kulitekeleza kwa haraka ni karatasi tu. La pili, ambalo husahaulika, ni kwamba setilaiti haikutabiri chochote peke yake. Iliweza kusema kwa sababu chini huku palikuwa na maafisa wa mifugo na wa afya walioandika, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa ulitokea wapi na lini. Rekodi ya angani ilikuwa nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ilikuwa daftari.

Hapo ndipo ninapotaka kukufikisha, msomaji. Nusu ya kwanza ya ushahidi kuhusu afya ya Mukuru ipo, ni ya bure, na kila siku inaongezeka. Nusu ya pili, iliyo yetu sisi wa hapa chini, ndiyo mbovu.

Chukua mfano wa mvua. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua karibu watu 300 kote nchini. Mukuru ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofurika, kisha nyumba zilizokuwa kando ya mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Maji yanapoingia nyumbani hupita kwanza vyooni. Kinachofuata kinajulikana: kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo.

Hifadhi ya NASA ina vipimo vya mvua vya kila nusu saa, katika miraba ya takriban kilomita 10. Toleo la haraka hupatikana baada ya saa chache tu. Lakini mtafutaji asiyeijua Nairobi atachora mraba juu ya Mukuru na kukosa jambo lenyewe. Maji yanayoifurika kwa Reuben hayakunyesha yote kwa Reuben. Mto Ngong unaanzia magharibi, upande wa msitu wa Dagoretti, unapita Kibera na bwawa la Nairobi, halafu unavuka Eneo la Viwanda. Mraba sharti uanzie huko. Mwenyeji analijua hilo bila tarakilishi: mawingu yakiwa mazito upande wa Ngong, anainua magodoro.

Isitoshe, siku ya mafuriko ndiyo siku ya mawingu, na picha za kawaida za setilaiti hazipenyi mawingu. Ukifungua picha ya siku hiyo utaona pamba nyeupe. Usidhani hifadhi imeharibika. Tafuta vipimo vya mvua badala ya picha, au zile setilaiti za rada kama Sentinel-1 ambazo hupenya mawingu, ingawa hata hizo huona kwa taabu maji yaliyo katika vichochoro vya futi nne.

Tuseme basi umeipata mvua kubwa ya usiku wa Jumatatu. Kipindupindu hujitokeza baada ya saa chache hadi siku 5 tangu mtu aambukizwe. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu. Kwa hiyo afisa wa afya wa kaunti ndogo akiiona mvua hiyo Jumanne asubuhi, ana muda wa kupeleka dawa ya kutibu maji, chumvi ya kuongeza maji mwilini na wahudumu wa kupita nyumba kwa nyumba, kabla wagonjwa hawajajaa kwenye mabenchi. Muda huo ndio unaookoa maisha ya watoto.

Lakini ili ajue kama mvua ya kiasi gani huleta wagonjwa wangapi, na vijiji vipi huumia kwanza, lazima awe na daftari linalosema ukweli. Fungua daftari la wagonjwa katika zahanati nyingi za mjini. Penye makao ya mgonjwa pameandikwa "Mukuru", basi. Mukuru ipi? Gatoto si Simba Cool. Aliye kando ya mto si sawa na aliye kando ya reli. Penye tarehe ugonjwa ulipoanza pameachwa wazi, au pameandikwa tarehe aliyofika zahanati, ambayo huenda ikawa wiki moja baadaye kwa kuwa alikuwa akingoja mshahara. Nami sijitoi katika lawama hii. Nilipolipitia daftari langu mwenyewe nikimtafuta yule mtoto, nilikuta ziara zake mbili zimeandikwa "Mukuru" na mbili zimeandikwa "Embakasi". Hakuna setilaiti itakayonisaidia na rekodi kama hiyo.

Kwa maoni yangu mambo matatu yanafaa kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, kila ofisi ya afya ya kaunti ndogo iwe na mtu mmoja aliyefundishwa kuitafuta hifadhi hii, na ambaye kazi yake ya kila asubuhi msimu wa mvua iwe kuitazama. Wataalamu wa kuwafundisha tunao. Kituo cha kanda cha kuchora ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa 1975, kipo Kasarani. Nchi yetu ina Shirika la Anga za Juu tangu 2017 na iliirusha setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023. Haifai kujivunia setilaiti angani huku afisa wa afya Embakasi hajui kuifungua picha yake.

Pili, zahanati ziandike kijiji hasa na siku ugonjwa ulipoanza. Ni maneno mawili na tarehe moja.

Tatu, viwekwe vipimo vya hewa ndani ya vijiji vyenyewe, ndani ya nyumba na nje, ili vijaze pale setilaiti inaposhindwa.

Ninalo pia onyo. Najua itafika siku mkubwa fulani atasimama na ramani ya rangi kutoka angani, aonyeshe kwamba mraba wa Mukuru hauna rangi nyekundu kuliko wa mitaa mingine, aseme hewa ya huko ni safi. Ukimsikia, mwulize maswali yale matatu. Wapi: mraba wako una ukubwa gani? Lini: setilaiti ilipita saa ngapi? Nini: umepima hewa ya angani au ya chumbani? Akishindwa kukujibu, ramani yake ni mapambo.

Nawe unayesoma ukiwa mbali na Mukuru, katika fleti ya Donholm au South B, usidhani mambo haya si yako. Uko ndani ya mraba ule ule wa setilaiti na watu wa kwa Reuben. Namba yenu ni moja. Aliyekufulia nguo jana na aliyekuuzia mboga huenda walitoka huko. Unapokwenda hospitalini, taja unakoishi kwa jina hasa na siku uliyoanza kuugua, hata kama karani hakuuliza. Mwambie aandike.

Tukiwa tunayangoja hayo, kuna vipimo ambavyo mama anaweza kuvifanya mwenyewe, na ni bora kuliko vyote nilivyovipata katika tarakilishi. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Hesabu hiyo ikipita kiwango, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje asubuhi wala usimpe dawa ya kikohozi ya dukani. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.

Jiko la makaa liwashiwe nje na liingizwe likishashika, mlango uwe wazi, na kamwe lisiachwe ndani wakati wa kulala. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika ikiwa yupo mtu wa kumshika.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata. Nilimweleza ukweli: kutoka angani siwezi kuutenganisha moshi wa jirani na wake. Nikamwuliza kijiji chake, naye akanitajia mpaka kichochoro, pamoja na siku kikohozi kilipoanza na upande moshi wa takataka ulikotoka siku hiyo. Nililiandika lote katika daftari.